Kesi za ugatuzi ziwekewe muda kama za uchaguzi

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nieleze jambo ambalo limenisumbua kwa muda mrefu kuhusu mahakama na serikali zilizogatuliwa katika nchi zinazoendelea. Mijadala mingi ya ugatuzi, yaani kuzikabidhi serikali za chini mamlaka na fedha, huanza na kuishia kwenye fedha: nani amepewa kiasi gani, nani amezifuja, nani amenyimwa. Ni mara chache watu huuliza swali ambalo kwa maoni yangu ni zito zaidi, yaani mzozo baina ya serikali kuu na serikali ya chini ukifikishwa mahakamani, uamuzi wake utatoka lini, na ukishatoka utatekelezwa na nani. Nimefuatilia hukumu za mizozo ya aina hii kutoka nchi kadhaa za Afrika na kutoka India, na katika nyingi kati yake nimekuta hali moja inayojirudia: majaji walitamka sheria kwa ufasaha na kwa ujasiri, lakini kufikia siku waliyotamka, mwaka wa bajeti ulikuwa umekwenda, au kiongozi aliyeonewa alikuwa amekwisha kuondoka madarakani.

Nianze na Kenya, kwa kuwa katiba yake ya mwaka 2010 ni miongoni mwa zile zilizouandika ugatuzi kwa undani mkubwa. Iliunda serikali 47 za kaunti, ikatamka kuwa serikali hizo na ile ya kitaifa ni tofauti lakini zinategemeana, ikaorodhesha majukumu ya kila upande katika Jedwali la Nne, kisha ikaweka sharti kwamba kaunti zipate si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, kwa kufuata hesabu za karibuni zilizokaguliwa na kuidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Walioiandika waliyakumbuka yaliyoyapata majimbo ya katiba ya uhuru ya mwaka 1963, ambayo yalibanwa kifedha na kuvunjwa kisheria kabla hayajatimiza miaka miwili. Safari hii walitaka pawe na mlinzi. Kifungu cha 163 kinairuhusu serikali ya kitaifa, taasisi yoyote ya dola au serikali yoyote ya kaunti kuiomba Mahakama ya Juu maoni ya ushauri kuhusu jambo lolote la serikali za kaunti. Ni mlango ambao nchi nyingi hazina, na ulibishwa hodi mapema sana.

Mwaka 2013, mwaka wa kwanza wa kaunti, Bunge la Kitaifa lilipitisha mswada wa ugavi wa mapato uliozipa kaunti shilingi bilioni 210. Seneti, ambayo kazi yake ya msingi ni kulinda maslahi ya kaunti, ilipendekeza bilioni 258. Bunge la Kitaifa likashikilia kuwa mswada huo haukuihusu Seneti, ukapelekwa kwa Rais, naye akautia saini mwezi Juni. Spika wa Seneti akaenda Mahakama ya Juu. Tarehe 1 Novemba 2013 wengi wa majaji, wakiongozwa na Jaji Mkuu Willy Mutunga, walieleza kuwa mswada wa ugavi wa mapato unazihusu kaunti moja kwa moja na kwamba Seneti ilipaswa kushirikishwa. Maoni yale yalikuwa mazuri na bado yanasomwa hadi leo. Lakini mwaka wa fedha wa Kenya huanza tarehe 1 Julai. Mahakama iliposema Seneti ilikuwa na haki ya kusikilizwa, miezi minne ya mwaka wenyewe ilikuwa imekwisha, na fedha zilikuwa zikigawanywa kwa sheria ile ile iliyopitishwa bila ya kuisikiliza.

Mtu anaweza kusema ulikuwa mwaka wa kwanza, kila taasisi ilikuwa ikijifunza. Basi na tuutazame mwaka 2019. Mabunge hayo mawili yalivutana tena, moja likitaka bilioni 316 na nusu na jingine bilioni 335. Mwaka mpya wa fedha ulianza pasipo sheria ya kugawa mapato, serikali ya kitaifa ikaendelea kutumia fedha zake, kaunti zikasubiri. Magavana walienda Mahakama ya Juu mwezi Julai. Mwezi Septemba Seneti ilikubali kile kiwango cha chini, kwa sababu mishahara ya wauguzi na wafanyakazi wengine wa kaunti haikuweza kungoja zaidi. Maoni ya Mahakama yalitoka tarehe 15 Mei 2020, yakisema kwamba mswada wa matumizi ya serikali hauwezi kupitishwa kabla ya sheria ya ugavi wa mapato. Yaani Mahakama ilikubali kuwa serikali kuu haikuwa na haki ya kujipakulia kwanza na kuwaacha wenzake wakiwa na sahani tupu, ila ilisema hivyo mwaka wa fedha ukiwa umebakiza wiki sita.

Siwalaumu majaji peke yao. Mahakama hupokea kesi za kila aina, na hakuna sheria iliyowaambia kuwa kesi ya ugavi wa mapato itangulie. Hapo ndipo penye kasoro ninayotaka kuizungumzia. Katiba hiyo hiyo ya Kenya inaitaka Mahakama ya Juu isikilize na kuamua kesi ya kupinga uchaguzi wa rais ndani ya siku 14 tangu inapowasilishwa. Kesi ya kupinga ushindi wa mbunge au wa gavana ina miezi sita. Hata gavana anayetuhumiwa ana kalenda yake: bunge la kaunti likishapiga kura ya kumwondoa, spika wa Seneti anapaswa kuitisha kikao ndani ya siku saba, na kamati maalumu ikiundwa inatoa ripoti ndani ya siku kumi. Nchini Nigeria, baraza la kesi za uchaguzi linatakiwa na katiba kutoa hukumu ndani ya siku 180. Kanuni hizi zilitungwa kwa sababu watu walichoka kuona mtu akimaliza muhula wake wote bungeni huku kesi ya kupinga ushindi wake ikiahirishwa mwaka hata mwaka.

Wanasiasa walipoona kuwa kuchelewa kunawanyima viti, waliviwekea viti muda. Fedha za dawa katika zahanati, za maji na za barabara za vijijini hawakuziwekea. Mwananchi ambaye kaunti yake, jimbo lake au halmashauri yake imenyimwa haki yake ya kikatiba husubiri kama anavyosubiri mdai wa kawaida katika shauri la mpaka wa shamba, ilhali haki yenyewe ina uhai wa miezi kumi na miwili tu na ikipita haiwezi kurudishwa. Hakuna jaji awezaye kuurudisha mwaka wa fedha uliokwisha.

India ilitoa fundisho hili zamani kidogo. Mwezi Aprili 1989, S. R. Bommai, aliyekuwa waziri kiongozi wa jimbo la Karnataka, aliondolewa madarakani na serikali kuu kwa kutumia Ibara ya 356 ya katiba, ambayo inaruhusu jimbo liwekwe chini ya utawala wa moja kwa moja wa Rais. Aliomba apewe nafasi ya kuthibitisha bungeni kwamba bado ana wajumbe wengi, akanyimwa. Tarehe 11 Machi 1994, majaji tisa wa Mahakama ya Juu ya India walitoa hukumu ambayo mpaka sasa ni nguzo ya ulinzi wa majimbo: kwamba uamuzi wa Rais wa kuivunja serikali ya jimbo unaweza kuhojiwa mahakamani, na kwamba mahali pa kupima wingi wa wajumbe ni ndani ya bunge, wala si ofisini kwa gavana anayeteuliwa na serikali kuu. Miaka mitano ilikuwa imepita. Bommai alishinda hoja, jimbo likapoteza serikali yake. Linganisha na mwaka 2016, serikali ya Arunachal Pradesh ilipowekwa kando mwezi Januari na Mahakama hiyo hiyo ikairudisha mwezi Julai. Siasa za ndani zilimfanya waziri kiongozi aliyerudishwa, Nabam Tuki, aachie ngazi siku chache baadaye, lakini aliachia kwa sababu ya wajumbe wa bunge lake mwenyewe, kama inavyopaswa kuwa. Miezi sita bado ni mingi. Hata hivyo ilitosha kuifanya hukumu iwakute walio hai kisiasa, na naamini kila serikali kuu inayotamani kuivunja serikali ya jimbo huipima hatua yake tofauti inapojua kuwa jibu la mahakama litakuja kabla ya uchaguzi unaofuata.

Najua pingamizi litakalotolewa. Wataalamu wengi husema mizozo kati ya ngazi za serikali isiharakishwe kortini, kwamba serikali zinapaswa kuzungumza kwanza, na kwamba jaji akigeuzwa kuwa mgawaji wa bajeti ataingizwa katika siasa na kuchafuka. Pingamizi hilo lina ukweli ndani yake. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996, katika kifungu cha 41, inazitaka taasisi za dola zinazozozana zifanye kila juhudi ya busara kusuluhishana kabla ya kwenda mahakamani, na mahakama inaweza kuwarudisha ikiona hawakujaribu. Kifungu cha 189 cha katiba ya Kenya kina mwelekeo huo huo wa mazungumzo, upatanishi na usuluhishi. Ninauunga mkono utaratibu huo kwa moyo wote, maana serikali mbili zinazohudumia watu wale wale haziwezi kuishi kwa kushtakiana. Ninachokataa ni mazungumzo yasiyo na mwisho, kwa sababu katika mazungumzo ya namna hiyo pande mbili hazisubiri kwa uchungu ulio sawa. Hazina Kuu ndiyo inayoshika fedha. Kila siku inayopita bila mwafaka, fedha zinakaa upande wake. Mwenye mpini anaweza kuzungumza hadi mwakani. Aliyeshika makali hawezi.

Mfano wa mazungumzo yaliyoandikwa katika sheria bila ya kuwa na meno uko Tanzania. Katiba ya Jamhuri ya Muungano, kuanzia Ibara ya 125, inaanzisha Mahakama Maalum ya Katiba, ambayo kazi yake pekee, kwa mujibu wa Ibara ya 126, ni kutoa uamuzi wa usuluhishi pale Serikali ya Muungano na Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar zinapobishana kuhusu tafsiri ya katiba hiyo. Nusu ya wajumbe wake huteuliwa na upande mmoja na nusu na upande wa pili, na uamuzi unahitaji kuungwa mkono na theluthi mbili ya wajumbe wa kila upande. Mahakama hiyo haijawahi kukaa hata mara moja, ingawa hoja kuhusu mambo ya Muungano na mgawanyo wa mapato hazijawahi kukosekana. Sishangai. Chombo ambacho hakina mjumbe asiye wa upande wowote, na ambacho kila upande unaweza kukizuia kuamua, hakimshawishi yeyote kufunga safari kukiendea, kwa hiyo hoja zinabaki mikononi mwa viongozi na vikao vyao vya ndani, na raia hajui ni hoja gani zilizokwisha, kwa msingi gani, na kwa faida ya nani. Upatanishi ni mwema, lakini anayepatanishwa lazima ajue kuwa nyuma ya mpatanishi amekaa mwamuzi.

Sasa nije kwenye utekelezaji, ambako ndiko roho yangu inakouma zaidi. Jimbo la Lagos, nchini Nigeria, lilikuwa limeunda maeneo mapya 37 ya serikali za mitaa juu ya yale 20 yaliyotajwa na katiba. Mwaka 2004 Rais Olusegun Obasanjo akaamuru mgawo wa fedha za serikali za mitaa za jimbo hilo uzuiliwe. Lagos ikashtaki, na mwezi Desemba mwaka huo huo Mahakama ya Juu ikaamua mambo mawili kwa uadilifu: kwamba maeneo yale mapya hayakuwa yamekamilika kisheria hadi Bunge la Taifa lichukue hatua yake, na kwamba pamoja na hayo Rais hakuwa na mamlaka yoyote ya kuzuia fedha za yale maeneo 20. Safari hii hukumu haikuchelewa. Ilitoka ndani ya mwaka ule ule. Pamoja na hayo fedha zote hazikutolewa hadi Umaru Yar'Adua alipochukua urais mwaka 2007. Mamilioni ya watu waliishi takriban miaka mitatu chini ya hukumu iliyosema haki yao ni hii hapa, na hawakuipata hadi alipokuja mtu mwingine mwenye nia njema. Haki inayotegemea hulka ya aliye madarakani sijui kama yafaa kuitwa haki.

Nchi hiyo hiyo imetuonyesha upande wa pili wa jambo hili. Tarehe 11 Julai 2024 Mahakama ya Juu ya Nigeria, katika shauri ambalo serikali ya shirikisho ilizishtaki serikali za majimbo yote 36, iliamua kuwa magavana hawana haki ya kuzishika na kuzitumia fedha za maeneo 774 ya serikali za mitaa, na kwamba kuyaendesha maeneo hayo kwa kamati za uteuzi badala ya mabaraza yaliyochaguliwa ni kinyume cha katiba. Ikaelekeza fedha zilipwe moja kwa moja kwa serikali za mitaa zilizochaguliwa. Miezi mingi baada ya hukumu hiyo, fedha zilikuwa bado zikipitia njia ya zamani. Nimeitaja kesi hii makusudi, kwa sababu wapo wanaodhani kuwa anayeukandamiza ugatuzi ni serikali kuu peke yake. Magavana waliolalamika jana kwamba Abuja inawabana ndio hao hao walioyabana mabaraza yaliyo chini yao. Mamlaka yakishushwa ngazi moja hayashuki yenyewe ngazi ya pili.

Kuna kikwazo cha kisheria kinachofanya ukaidi wa namna hii uwe rahisi, nacho hakijulikani sana na wasomaji. Nchi nyingi zilizorithi sheria za Uingereza zina kanuni inayokataza mali ya serikali kukamatwa ili kulipa deni la hukumu. Raia aliyeshindwa kesi atapigiwa mnada gari lake na viti vyake. Serikali iliyoshindwa haiguswi, na mshindi hulazimika kurudi mahakamani kuomba amri ya kumshurutisha ofisa mhusika alipe, kisha kurudi tena kumshtaki ofisa huyo kwa kuidharau mahakama. Afrika Kusini ilikumbana na kanuni hii katika kesi ya mtu aliyepata majeraha ya moto, akatibiwa kwa uzembe katika hospitali za umma za Jimbo la Gauteng, akapooza. Serikali ya jimbo ilikubali kuwa imekosa. Mahakama ikaamuru alipwe fedha za awali ili zimsaidie katika matibabu na gharama za kesi, na hazikulipwa. Shauri likafika Mahakama ya Katiba, ambayo mwezi Juni 2008 ilikibatilisha kifungu kilichokuwa kikiikinga serikali dhidi ya utekelezaji wa hukumu, na Bunge likalazimika kuirekebisha sheria. Mlalamikaji alifariki dunia kabla ya hukumu hiyo kutolewa. Kila nikiisoma kesi hii huwaza kwamba serikali iliyomtendea hivyo haikuwa ile ya mbali katika mji mkuu wa taifa. Ilikuwa serikali ya jimbo lake, ile ambayo ugatuzi uliahidi kuwa itamjua na kumsikia.

Ndiyo maana siwezi kuandika barua ya kuzitetea serikali za chini bila kusema kwamba nazo zinahitaji kudhibitiwa na mahakama zile zile. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013 kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo katika kuitunga. Jaji George Odunga hakuridhika na tangazo la gazetini. Alitaka kaunti ziwafikie watu makanisani, misikitini, barazani na kwa redio za lugha zao. Kwa maoni yangu hukumu hiyo ina thamani kubwa kuliko nyingi za Mahakama ya Juu, kwani ilimsimamisha mfanyabiashara mdogo mbele ya serikali iliyo jirani naye na kusema kwamba ukaribu wa ofisi si sawa na kusikilizwa.

Upande mwingine upo mkasa wa Kaunti ya Embu. Gavana Martin Wambora alikuwa wa kwanza kuondolewa, mapema mwaka 2014. Mahakama Kuu ilibatilisha hatua hiyo mwezi Aprili, ikieleza kuwa ilifanyika huku amri ya mahakama ya kuisitisha ikipuuzwa. Bunge la kaunti likamwondoa tena, Seneti ikaafiki tena, naye akaendelea kukaa ofisini kwa amri za mahakama hadi akachaguliwa upya mwaka 2017. Wapo wanaoitaja kesi hii kuonyesha kwamba mahakama humlinda kiongozi dhidi ya wawakilishi wa watu, na wapo wanaoitaja kuonyesha kwamba wawakilishi waliidharau mahakama. Mimi naona yote mawili yalitokea, na yote yalikuzwa na ukawiaji. Tuhuma za matumizi mabaya ya fedha za umma zilistahili jibu la mwisho ndani ya miezi michache, la kumsafisha au la kumwondoa. Amri ya muda inapoendelea kwa miaka huacha kuwa ya muda.

Bila shaka huwezi kuwadai majaji haraka ukiwanyima wenzao. Mwaka 2019 Tume ya Huduma za Mahakama ya Kenya ilipendekeza majaji 41. Walikaa takriban miaka miwili bila kuapishwa, mahakama zenyewe zikiwa zimetamka kuwa Rais anapaswa kuwateua, hadi 34 walipoteuliwa mwezi Juni 2021 na sita wakaachwa, mmoja akiwa amekwisha kufariki dunia. Serikali inayozuia majaji kisha ikalalamika kuwa kesi hazisongi inajilalamikia yenyewe. Muda ninaouomba uende pamoja na majaji wa kutosha na bajeti ya mahakama isiyosubiri huruma ya wizara.

Mhariri, kuna tukio moja ambalo huwa nalirudia kila ninapokata tamaa. Tarehe 22 Septemba 1995 Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini, iliyokuwa na umri wa miezi michache tu, iliamua dhidi ya Nelson Mandela. Jimbo la Western Cape, lililokuwa chini ya chama cha National, washindani wake wa kisiasa, lilipinga matangazo ya kisheria ambayo Rais aliyatoa mwezi Juni mwaka huo kurekebisha sheria ya mpito ya serikali za mitaa. Mahakama ilisema Bunge haliwezi kumkabidhi Rais mamlaka ya kubadilisha sheria ya Bunge kwa tangazo lake mwenyewe, ikampa muda wa hadi tarehe 24 Oktoba kulirekebisha jambo hilo, kwa kuwa uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mlangoni. Mandela alijitokeza hadharani akaikubali hukumu, na Bunge likaitwa kufanya marekebisho. Watu hulisimulia tukio hili kwa kumsifu Mandela, na sifa hizo ni haki yake. Mimi napenda pia kuzitazama tarehe. Matangazo ya Juni, hukumu ya Septemba, marekebisho ya Oktoba, uchaguzi wa Novemba. Mahakama ilifanya kazi yake wakati jambo lilikuwa bado linaweza kurekebishwa, na ikataja siku ya mwisho ya kurekebisha. Unyenyekevu wa kiongozi hauwezi kutungiwa sheria, tarehe zinaweza.

Kwa hiyo ninawaomba wabunge wa nchi zetu, hasa wale wanaojiita watetezi wa ugatuzi, watunge sheria inayoweka muda wa kesi baina ya ngazi za serikali. Kwa mzozo wa mgawo wa fedha ningependekeza siku 30 za mazungumzo na siku 60 za mahakama, na endapo muda huo utapita mwaka wa fedha ukiwa umeanza, kiwango cha mwaka uliotangulia kiendelee kulipwa kila mwezi bila kuombwa, ili asiwepo wa kufaidika na ukimya. Kwa uamuzi wa kuivunja serikali ya chini au kumwondoa kiongozi wake, siku 90 pamoja na rufaa moja tu. Kila hukumu dhidi ya serikali, iwe kuu au ya chini, itaje cheo cha ofisa anayepaswa kuitekeleza na siku atakayorudi mahakamani kueleza alichokifanya. Na kama hukumu ni ya kulipa fedha, deni hilo liingizwe katika bajeti inayofuata kabla ya safari, magari na semina.

Kwako wewe na wenzako katika chumba cha habari nina ombi dogo zaidi. Magazeti huandika kwa herufi kubwa siku hukumu inapotoka, kisha hayarudi. Nakusihi uanze kuchapisha kila robo mwaka jedwali la maamuzi ya mahakama ambayo serikali zilishindwa: tarehe ya hukumu, kilichoamriwa, serikali iliyoamriwa, na kama agizo limetekelezwa au bado. Nitakuwa tayari kusaidia kulikusanya.

Wako katika utumishi wa haki,

Msomaji wako